Umelipa mtandaoni, mzigo haukuja au umekuja mwingine: namna ya kudai pesa yako

Siku hizi mtu aliye Ludewa au Kibondo anaagiza pampu ya kupulizia dawa kutoka Kariakoo akiwa ameketi barazani kwake. Anaona picha Instagram au kwenye kundi la WhatsApp, anauliza bei, anajibiwa, anatuma pesa kwa simu, na mzigo unapandishwa basi. Wengi wanapokea walichoagiza na maisha yanaendelea. Wengine mzigo hauji kabisa, au unakuja mwingine: pampu ya lita 16 inageuka ya lita 5, sola iliyotangazwa kuwa ya wati 200 haiwashi hata taa tatu, vifaranga walioitwa chotara wanakua wa kawaida.

Kwa mkulima hasara haiishii kwenye bei. Pampu isipofika wakati viwavijeshi vamizi wako shambani, pesa inaweza kurudi baadaye, lakini mahindi hayatasubiri.

Makala haya yanaeleza nini cha kufanya ukiwa Tanzania na umelipa kwa simu au kwa kadi. Jambo moja lishike tangu mwanzo: pesa ya simu ikishaingia kwa mwenzako, ni kama noti zilizo mkononi mwake. Akishaitoa kwa wakala, kuipata ni safari ndefu. Kwa hiyo nguvu yako iko sehemu mbili: ushahidi ulioukusanya kabla ya kulipa, na haraka yako katika saa ya kwanza baada ya kugundua kuna tatizo.

Kwanza, jua umepatwa na lipi

Watu husema "nimetapeliwa" kwa kila jambo, lakini mambo ni matatu, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza ni utapeli wenyewe. Muuzaji hakuwa na bidhaa tangu mwanzo. Picha amezichukua kwenye ukurasa wa mtu mwingine, na ukishalipa anakuzuia, au anaanza kudai pesa ya ziada. Hili ni jinai, na mlango wake ni kampuni ya simu na polisi.

La pili ni upotoshaji. Muuzaji yupo, duka lipo, mzigo umetumwa, lakini si kile alichokitangaza: ukubwa mwingine, nguvu ndogo, kilichotumika kikauzwa kama kipya, au nembo bandia. Hapa unaanza na muuzaji mwenyewe, na akikaidi unakwenda Tume ya Ushindani au mahakamani.

La tatu ni kasoro ya kawaida. Mzigo umechelewa, umevunjikia njiani, au dukani walichanganya maboksi. Mara nyingi hili huisha kwa mazungumzo, mradi umeyaweka kwa maandishi.

Ukichanganya haya utapoteza muda. Aliyeletewa pampu ndogo akikimbilia polisi kwanza, huenda akaambiwa hilo ni la madai, akazungumze na muuzaji. Na aliyetapeliwa akikaa wiki nzima akimbembeleza tapeli, anampa nafasi ya kutoa pesa na kutupa laini.

"Rudisha muamala" si dawa ya kila kitu

Wengi wamesikia kwamba pesa ya simu inaweza kurudishwa. Ni kweli, lakini huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Ulitaka kumtumia mjomba, ukabonyeza tarakimu moja vibaya, pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua. Unaripoti, na kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea, kampuni huweza kuizuia na kufuata utaratibu wa kuirudisha.

Malipo ya bidhaa ni jambo jingine. Uliandika namba sahihi, jina likaonekana, ukakubali kwa namba yako ya siri. Kwa kampuni ya simu, muamala huo umekamilika kama ulivyotaka. Kampuni haikuiona pampu, haijui mlikubaliana nini, na haiwezi kuwa hakimu kati yako na muuzaji.

Usidanganye kwamba ulikosea namba. Muuzaji akionyesha mazungumzo yenu, wewe ndiye utakayeonekana mwongo, na malalamiko yako ya kweli yatapoteza uzito. Sema jambo lilivyo: "Nimelipa kwa mtu aliyejifanya muuzaji, hakutuma bidhaa, amenizuia. Naomba pesa hiyo izuiwe wakati naripoti polisi." Maneno hayo yanampa mhudumu sababu ya kuchukua hatua.

Saa ya kwanza: ukihisi ni tapeli

Fuata mpangilio huu, na usisubiri kesho.

1. Usiongeze hata shilingi. Tapeli akiona umelipa mara moja, atakuja na sababu ya pili: mzigo umekwama, kuna ada ya usajili, kuna ushuru, dereva anataka ya mafuta. Kila nyongeza ni hasara mpya. Haikombozi pesa ya kwanza.

2. Usifute kitu. Watu wengi kwa hasira hufuta mazungumzo na namba. Piga picha za skrini: tangazo lenyewe, jina la ukurasa, mazungumzo yote, namba ya simu, na ujumbe wa malipo. Mwenye simu ndogo asiyeweza kupiga picha ya skrini aache ujumbe kama ulivyo, kisha anakili kwenye daftari namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe, saa, kiasi, na jina lililojitokeza.

3. Piga namba 100. Hiyo ndiyo namba ya huduma kwa wateja ya mitandao ya simu nchini. Piga ukitumia laini uliyolipia. Mtajie mhudumu namba ya muamala na umwombe azuie pesa kama bado ipo. Omba namba ya malalamiko yako na uiandike.

4. Ripoti namba ya tapeli kwa 15040. Huu ni utaratibu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Unasambaza ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, kisha unajibiwa na kuombwa uandike namba iliyokutumia. Hatua hii peke yake haikurudishii pesa. Inasaidia namba hiyo ifuatiliwe, ili jirani yako asiwe wa pili.

5. Nenda kituo cha polisi. Toa maelezo na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila RB mambo mengi yanakwama, kwa sababu taarifa za mwenye laini haziwezi kutolewa kwako ovyo. Polisi ndio wanaoweza kuziomba kwa utaratibu wa sheria. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na udanganyifu unaofanywa kwa kutumia kompyuta au simu unaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015.

Kuna anayesita kwenda polisi kwa sababu alipoteza shilingi 30,000 tu. Lakini anayekula 30,000 za watu mia moja ana milioni tatu, na taarifa nyingi ndogo ndizo zinazoonyesha kwamba laini moja inafanya kazi hiyo kila siku.

Mzigo umekuja tofauti: anza hivi

Tuchukue mfano. Mkulima ameagiza pampu ya betri ya lita 16 kwa shilingi 185,000. Tangazo limeandika "lita 16, mpya, betri inadumu siku nzima". Boksi linafika ofisi ya basi, na ndani kuna pampu ya mkono ya lita 5.

Kazi yake inaanzia palepale. Afungue boksi mbele ya mhudumu wa mizigo au shahidi mwingine, na kama simu inaruhusu, arekodi video tangu boksi likiwa bado na gundi. Video ya namna hiyo inafunga mdomo wa muuzaji anayesema "umebadilisha mwenyewe". Atunze boksi, risiti ya mzigo, na karatasi yoyote iliyo ndani. Asiitumie pampu hiyo hata kwa kujaribu shambani, kwa sababu akishaitumia atakuwa amempa muuzaji hoja.

Kisha amwandikie muuzaji. Simu ya kuongea hupoza hasira, lakini maandishi hubaki. Ujumbe uwe mfupi, wenye tarehe na kiasi, usio na matusi:

"Habari. Tarehe 4 Machi nililipa shilingi 185,000 kwa pampu ya betri ya lita 16 kama mlivyotangaza. Leo nimepokea pampu ya mkono ya lita 5. Picha na video nimetuma. Naomba mnitumie niliyoagiza au mnirudishie pesa yote ifikapo tarehe 14 Machi. Gharama ya kurudisha mzigo ni yenu kwa kuwa kosa si langu. Nikikosa jibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani."

Ujumbe huo una mambo manne: ulichonunua, ulichopokea, unachotaka, na siku ya mwisho. Wauzaji wengi wenye duka la kweli humaliza hapo, kwa sababu jina lao ni mali yao.

Muuzaji akijibu "mali ikishauzwa hairudishwi", usikate tamaa. Ukinunua kitu sahihi kisha ukabadili mawazo kwa sababu rangi haikupendezi, maneno yake yana mashiko. Ila maneno hayo hayampi ruhusa ya kukupa kitu tofauti na alichokitangaza. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Aidha, Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Jihadhari pia na kurudisha mzigo kienyeji. Usiupandishe basi bila risiti, wala usimkabidhi kijana aliyekuja "kutoka dukani" bila maandishi. Ukibaki huna bidhaa wala pesa wala karatasi, umerudi nyuma kuliko ulipoanza.

Akikaidi, panda ngazi moja baada ya nyingine

Tume ya Ushindani, inayojulikana kwa kifupi kama FCC, ndiyo inayosimamia kumlinda mlaji dhidi ya matangazo ya uongo na bidhaa bandia. Pale unapeleka malalamiko dhidi ya muuzaji, ukiambatisha tangazo, mazungumzo, uthibitisho wa malipo na picha za kilichokufikia.

Kama tatizo lako ni na kampuni ya simu au benki, kwa mfano ulitoa taarifa mapema na hawakukujibu, au pesa imekatwa mara mbili, anza na dawati lao la malalamiko. Usiporidhika, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, zikiwemo za simu. Ndiyo maana ile namba ya malalamiko uliyopewa na mhudumu ni muhimu: inaonyesha kwamba ulianza mahali sahihi na siku gani.

Muuzaji anayejulikana alipo unaweza kumdai mahakamani. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mikataba yenye thamani ndogo, na si lazima uwe na wakili. Kabla ya kwenda, piga hesabu ya nauli na siku utakazopoteza. Kwa shilingi 20,000 huenda isilipe. Kwa mashine ya kusaga ya milioni mbili ni habari nyingine.

Usihofu kwamba ushahidi wako uko kwenye simu tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Mahakama itaangalia jinsi zilivyotunzwa na kama zinaaminika, kwa hiyo usikate wala kuunganisha picha, na usiuze ile simu kabla shauri halijaisha.

Kama ulilipa kwa kadi

Wapo wanaonunua kwenye masoko ya nje kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa ya simu. Hapa mnunuzi ana kinga ambayo pesa ya simu ya kawaida haina. Mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard ina utaratibu wa kupinga malipo: unaiambia benki yako kwamba bidhaa haikufika au haikuwa kama ilivyoelezwa, benki yako inawasilisha pingamizi kwa benki ya muuzaji, na muuzaji anatakiwa athibitishe. Akishindwa, pesa inarudi kwenye kadi yako.

Utaratibu huu una saa yake. Kwa mizozo mingi ya bidhaa, muda wa mwisho ni siku 120, lakini ukingoja mpaka mwisho unajiweka pabaya. Nenda benki mapema, jaza fomu ya kupinga muamala, na ambatisha uthibitisho kwamba ulijaribu kwanza kuzungumza na muuzaji. Benki itakuuliza hilo.

Masoko makubwa kama AliExpress yana dawati lake la mizozo, na soko huishikilia pesa kabla haijamfikia muuzaji. Kwa hiyo usibonyeze kwamba umepokea mzigo kabla hujaufungua na kuujaribu. Na muuzaji akikuambia mtoke nje ya soko hilo mlipane pembeni ili akupunguzie bei, kataa. Punguzo hilo linakuvua kinga yote.

Kabla hujalipa tena

Haya ni mambo ya dakika kumi yanayookoa miezi.

Angalia umri na historia ya ukurasa. Ukurasa wenye wafuasi wengi unaweza kuwa umenunuliwa au umeibwa. Tazama posti za zamani, na tazama kama watu wanaruhusiwa kutoa maoni. Muuzaji aliyefunga maoni kwenye kila posti ana anachokificha.

Omba video ya bidhaa ikiwa na kitu cha leo. Mwambie aandike jina lako na tarehe kwenye karatasi, aiweke juu ya pampu, arekodi. Mwenye mali dukani atafanya kwa dakika mbili. Aliyeiba picha atakuwa na sababu ishirini.

Pendelea Lipa Namba ya biashara kuliko namba ya mtu binafsi. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Kama duka linaitwa jina moja na jina linalojitokeza ni la mtu asiyehusika, simama hapo na uulize. Jina la biashara lililosajiliwa unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, na unaweza kudai risiti ya EFD.

Jadili malipo ya nusu au malipo baada ya kupokea. Wauzaji wengi wa Dar es Salaam hukubali kulipwa mlangoni kwa wateja wa mjini, lakini wa mikoani huambiwa walipe kwanza. Kama una ndugu au mtu unayemwamini jijini, mwombe aende dukani akague, alipe, na apandishe mzigo mwenyewe. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko pampu.

Usiamini picha ya risiti ya basi. Picha moja inaweza kutumwa kwa wateja kumi. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya basi, kwenye stendi ya kwenu au kwenye tiketi ya zamani, kisha uwatajie namba ya mzigo. Namba aliyokupa muuzaji inaweza kuwa ya mwenzake.

Jihadhari na tapeli wa pili

Ukilalamika hadharani kwenye mitandao, atatokea mtu wa kukuonea huruma. Atasema anafanya kazi kampuni ya simu, au anajua "hacker" wa kurudisha pesa, na atataka ada kidogo kwanza. Atakuomba namba ya siri, au namba ya tarakimu chache iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi. Huyo ni tapeli wa pili, mara nyingine rafiki wa yule wa kwanza.

Kampuni ya simu ikikupigia kuhusu huduma, hupiga kwa namba 100, na haihitaji namba yako ya siri hata siku moja. Hakuna ofisi ya serikali inayorudisha pesa kwa kutumiwa "ada ya kufungua faili" kwenye laini ya mtu.

Kwa ufupi, nakili hii kwenye daftari

- Bidhaa haipo na muuzaji amekuzuia: piga 100, ripoti 15040, chukua RB polisi, siku hiyohiyo.
- Bidhaa imekuja tofauti: video, boksi, ujumbe wa maandishi wenye siku ya mwisho, kisha FCC.
- Kampuni ya simu au benki haikusikilizi: dawati lao la malalamiko, kisha Benki Kuu.
- Ulilipa kwa kadi: pinga malipo benki mapema.
- Vitu vya kutunza: tangazo, mazungumzo, namba ya muamala, jina la mpokeaji, risiti ya mzigo, namba ya malalamiko.

Katika kijiji ambako simu ni chache, msomee na jirani. Mara nyingi anayeagiza ni kijana mwenye simu kubwa kwa niaba ya mzee au kikundi, na pesa inayotumwa ni ya watu wengi. Mkiagiza kwa pamoja, kubalianeni mapema nani anatunza ushahidi, na kabla ya namba ya siri kuwekwa, watu wawili wasome jina linalojitokeza kwenye simu.